KENGELE ILIYOPASUKA BADO INALIA



Ndugu wapendwa, katika kurasa nyingine za kijitabu hiki mtasoma majina ya waanzilishi wa kwaya yetu, walimu waliotufundisha na safari tulizosafiri. Kamati ya yubilei ilituomba sisi wa ofisi ya katibu tuongeze makala moja ya historia. Tuliulizana, historia ipi tena? Mwishowe tukakubaliana tuandike habari za kengele moja kubwa iliyoko mbali sana na Kalimoni. Wanakwaya wa siku nyingi wanajua kwa nini. Wageni watajua mwishoni.

Habari hizi tulizisikia mara ya kwanza kwa mzee mmoja wa besi, katika mkutano ambao nusu ya viti vilikuwa vitupu. Tangu hapo tumezisoma na kuzichunguza. Tunaziandika ili watoto wetu wa kwaya wazikute.

KENGELE NA SISI

Watu wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa maana ya kengele. Tuliokwenda Mombasa tumepita mahali panapoitwa Kengeleni, karibu na Kongowea. Jina hilo halikuja bure. Mwaka 1875 Wamisionari wa Kianglikana walianzisha hapo kijiji cha Freretown, makao ya watu waliookolewa kutoka utumwani. Kijiji kiliitwa kwa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyekwenda Unguja mwaka 1873, mwaka ule Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Pale Freretown ilitundikwa kengele. Kazi yake ilikuwa kuwaita watu ibadani, na pia kuwaonya wakimbie wakati wafanyabiashara wa watumwa walipoonekana wakija. Kengele ile ni ndogo na mnara wake ni mfupi, lakini mtaa mzima umebaki na jina lake.

Kengele tunayotaka kuisimulia ni ya miaka hiyohiyo ya Malkia Victoria, ila ukubwa wake ni wa kutisha. Ukienda Nairobi, ukasimama nje ya Bunge letu, utaona mnara wa saa uliojengwa katika miaka ya 1950. Mnara ule una ndugu yake mkubwa London, kando ya mto Thames, kwenye Bunge la Uingereza. Ndani ya mnara wa London ndimo inamoning'inia kengele iitwayo Big Ben. Wengi hudhani hilo ni jina la mnara au la saa. Sivyo. Big Ben ni kengele.

MNARA NA WATU WAKE

Usiku wa tarehe 16 Oktoba 1834 Bunge la Uingereza liliteketea kwa moto. Kazi ya kulijenga upya alipewa mchoraji majengo Charles Barry, naye akamtumia Augustus Pugin kuchora mnara wa saa. Jiwe la msingi la mnara liliwekwa mwaka 1843. Ujenzi ulikwenda polepole, hata saa ikamalizika kabla ya mnara wenyewe. Fundi Edward John Dent alianza kuitengeneza, akafariki mwaka 1853, na mtoto wake wa kambo, Frederick, akaikamilisha mwaka 1854. Saa ikakaa ikingoja nyumba yake kwa miaka mitano.

Sharti la saa hiyo lilikuwa gumu. Mwanaastronomia wa serikali, George Airy, alitaka pigo la kwanza la kila saa lisikosee hata kwa sekunde moja kwa siku. Mafundi wengi walisema haiwezekani. Mtu aliyesema inawezekana alikuwa wakili, Edmund Beckett Denison, aliyependa saa na kengele kuliko kesi zake. Ndiye aliyeichora mitambo ya saa, na aliyoichora ilifanya kazi vizuri ajabu. Alikuwa na akili nyingi, lakini hakuwa mtu wa kushauriwa. Sifa hizo mbili zote zimo katika hadithi ya kengele.

KENGELE YA KWANZA

Kengele ya kwanza ilimiminwa Agosti 1856 na kampuni ya John Warner and Sons, karibu na mji wa Stockton-on-Tees, kaskazini mwa Uingereza. Kengele kubwa hutengenezwa kwa kuyeyusha shaba na bati katika tanuri, kisha uji ule wa moto humiminwa katika kalibu na kuachwa upoe taratibu. Ikipoa vibaya, haina sauti. Ile ilitoka na uzito wa tani 16. Ilisafirishwa kwa reli na kwa meli mpaka London, na kwa kuwa mnara haukuwa tayari, ikatundikwa uani ili ijaribiwe.

Nyundo ya kwanza ilikuwa ya kilo 355. Ikaonekana sauti haitoshi. Nyundo ikaongezwa uzito hadi kilo 660. Tarehe 17 Oktoba 1857 kengele ilipasuka, na ufa wake ulikuwa wa zaidi ya mita moja.

Hapo lawama zikaanza. Waliotengeneza kengele walisema nyundo ilikuwa nzito mno. Denison alisema kengele ndiyo iliyokuwa mbovu. Kengele haikuweza kuzibwa ufa kama sufuria. Ilibidi ivunjwe vipande na kuyeyushwa upya.

KENGELE YA PILI YAPANDA MNARANI

Kazi ya pili ilipewa kiwanda cha Whitechapel, London, chini ya George Mears. Tarehe 10 Aprili 1858 shaba ilimiminwa, na kalibu lilijaa kwa dakika 20 hivi. Kupoa kulichukua siku 20. Kengele hii ndiyo iliyopo hadi leo. Ina uzito wa tani 13.7, kimo cha mita 2.2, na upana wa mita 2.7 mdomoni. Ukitaka kupima uzito huo kwa macho yetu ya barabara ya Thika, fikiria matatu saba hivi za viti kumi na vinne, zikiwa tupu, zote zikining'inia mahali pamoja.

Siku ya kuitoa kiwandani ilikuwa sikukuu. Iliwekwa juu ya mkokoteni uliovutwa na farasi 16 waliofungwa utepe wa rangi. Magari ya farasi yalisimama. Watu walijaa kando ya njia wakishangilia, kana kwamba anapita bibi harusi.

Kazi ngumu ilikuwa bado. Chumba cha kengele kiko juu, kama mita 60 kutoka chini, urefu wa nyumba ya orofa ishirini. Leo mtu anayepanda kwa miguu huhesabu ngazi 334 mpaka kuifikia kengele. Kengele ilipaswa kupita ndani ya mnara, katika njia iliyoachwa wazi katikati ya kuta. Walipopima, wakaona kwamba haiwezi kupita ikiwa imesimama wima. Mdomo wake ulikuwa mpana kuliko njia.

Je, wangefanya nini? Kubomoa mnara haikuwezekana, na kukata kengele haikuwezekana. Waliilaza ubavu. Wakaifunga, wakaikaza kwa minyororo, na mwezi Oktoba 1858 wakaanza kuivuta juu kwa winchi iliyozungushwa kwa mikono ya watu. Hakukuwa na umeme wala injini kama za kreni tunazoziona zikijenga maghorofa ya Ruiru. Mzunguko mmoja wa winchi uliipandisha kengele kidogo tu. Ilichukua saa 30, mchana, usiku, na mchana tena. Kama mnyororo ungekatika, tani 13.7 zingerudi chini na kuua kila aliyekuwa hapo.

Juu kabisa, kengele nne ndogo zilikuwa zimekwisha kutundikwa, zikingoja ya tano. Hiyo ndiyo sehemu ambayo yule mzee wetu wa besi aliipenda kuliko zote. Alisema: “Hata hao wanne hawakuanza kuimba mpaka mwenzao afike.”

UFA WA PILI

Saa ilianza kutembea tarehe 31 Mei 1859. Tarehe 11 Julai mwaka huo Big Ben ililia kwa mara ya kwanza kutoka mnarani. Kuhusu jina lake, wengine husema ni la Sir Benjamin Hall, waziri aliyesimamia majengo ya serikali, mtu mrefu na mnene. Wengine husema ni la bondia Benjamin Caunt aliyejulikana sana wakati huo.

Furaha ilidumu miezi miwili. Septemba 1859 kengele ilipasuka tena. Mears alikuwa ameeleza uzito wa juu wa nyundo. Denison alikuwa ameweka nyundo iliyozidi mara mbili ya uzito huo.

Ungetarajia kwamba mtu ambaye kengele ya kwanza ilipasuka mikononi mwake angejifunza. Denison hakukubali kosa. Alitangaza kwamba kiwanda kiliificha mitobo ya kengele kwa kuijaza vitu vingine na kupaka rangi. Kiwanda kilimpeleka mahakamani kwa kukichafulia jina, naye akashindwa.

Kengele ilinyamaza kwa miaka minne. Saa iliendelea kutembea, na kengele moja kati ya zile nne ndogo ikawa inapiga saa badala ya mkubwa wao. Watu walipita chini ya mnara ule mrefu wakijua kwamba juu kuna kengele kubwa kabisa iliyogharimu fedha nyingi, na haisemi neno.

NYUNDO NYEPESI

Mwaka 1863 Airy, yule mwanaastronomia, alitoa ushauri. Hakushauri kengele iyeyushwe mara ya tatu, na wala hakusema iteremshwe. Alisema mambo matatu tu. Kwanza, kengele izungushwe kidogo palepale inaponing'inia, ili nyundo ipige mahali pazima, mbali na ufa. Pili, nyundo iwe nyepesi zaidi. Tatu, kipande kidogo cha mraba kikatwe kwenye ufa ili usiendelee kukua.

Yakafanyika hayo matatu, na kengele ikalia. Nyundo inayotumika sasa ina kilo 200. Ufa haukuzibwa. Uko hadi leo, na wanaosikia kwa makini husema ndio unaoipa Big Ben ile sauti yake ya pekee, yenye mtetemo kidogo, isiyofanana na kengele nyingine.

Usiku wa kuamkia mwaka 1924 shirika la utangazaji la BBC lilirusha mlio wake hewani kwa mara ya kwanza. Tangu hapo kengele yenye ufa ikasikika hata mahali ambapo hakuna aliyewahi kuiona London. Wazee wetu waliokuwa na redio za betri waliijua. Mlio ukisikika, watoto hunyamazishwa, baba anataka kusikia habari. Mwaka 2017 ilinyamazishwa tena ili mnara ukarabatiwe, safari hii kwa mpango na si kwa ajali, ikarudi kulia kwa kawaida Novemba 2022. Ufa walioukuta ni uleule wa 1859, na nao wakauacha.

MI, RE, DO, SO

Wanakwaya wangetulaumu kama tusingesema habari za muziki. Big Ben yenyewe hutoa noti ya E. Zile kengele nne ndogo hutoa G kali, F kali, E ya juu na B ya chini. Tukiziweka katika solfa tunayoifundishana kila wiki, tukifanya E kuwa do, tunapata mi, re, do, na so ya chini. Inapotimia robo saa, kengele nne huimba mi, re, do, so. Inapotimia saa kamili, huimba kwa kupangua noti hizo hizo nne kwa namna mbalimbali, kisha Big Ben huingia na do ya chini kabisa, kama besi.

Mpangilio huo haukuanzia London. Ulitungwa kwa ajili ya kanisa moja la Cambridge mwaka 1793, na inasemekana ulichukuliwa kutoka katika noti za wimbo mmoja wa Handel kuhusu Mkombozi aliye hai, katika Messiah. Kwa hiyo ule mlio wa saa ya Bunge, na hata wa kengele za milangoni zinazouiga, unasemekana una asili ya wimbo wa kanisa. Noti nne tu, kila moja ikijua zamu yake.

NA SISI JE?

Sasa tuseme ya kwetu, kwa kuwa yubilei bila ukweli ni karamu tu.

Kuna mwaka kwaya yetu ilishindwa vibaya katika mashindano ya nyimbo. Tulirudi nyumbani tumenyamaza ndani ya basi. Wiki iliyofuata sisi wa kamati tuliamua kwamba sauti haitoshi, na dawa ni kukaza. Mazoezi yakawa siku nne kwa wiki. Anayechelewa alipe faini ya shilingi 50. Asiyefika alipe 100. Anayekosa mara tatu, asiimbe. Tuliandika sheria hizo kwa mwandiko mzuri na kuzibandika ukutani.

Hatukujiuliza wenzetu wanaishije. Wapo waliokuwa wanachonga mawe machimboni. Wapo waliokuwa wanafanya zamu za usiku katika mashamba ya maua, walinzi wa malango, wauguzi, na vijana wa bodaboda ambao saa kumi na mbili jioni ndiyo saa yao ya kupata riziki. Hao ndio waliochelewa. Na hao ndio waliokuwa wengi katika alto na besi.

Jumatano moja mama mmoja wa alto aliingia akitoka kazini moja kwa moja, mtoto mgongoni, viatu vimejaa udongo. Kabla hajaketi, tulimwonyesha daftari la faini. Hakusema kitu. Aliweka faili lake la nyimbo juu ya benchi, akageuka, akatoka. Kufikia Jumapili ya pili, kumi na mmoja walikuwa wameondoka. Misa ya kwanza tuliimba tukiwa na besi wawili.

Na sisi tukafanya kama Denison. Tulisema hawakuwa na moyo wa utume. Tulisema sauti zao zilikuwa hafifu tangu mwanzo. Tulisema kila kitu isipokuwa kwamba nyundo yetu ilikuwa nzito.

Tulikaa hivyo miezi kadhaa. Ndipo katika mkutano wa viti vitupu yule mzee akasimama, akatusimulia habari za kengele ya London aliyokuwa akiisikia redioni tangu ujana wake. Alipomaliza, aliuliza swali moja: “Sasa ninyi, mtainunua kengele nyingine, au mtapunguza nyundo?” Akaketi. Hakuna aliyepinga.

Tulibandua karatasi ukutani. Mazoezi yakarudi kuwa Jumatano jioni na Jumapili baada ya Misa. Faini ikaondolewa. Ikawekwa kanuni moja, na ipo hadi leo: mtu asipoonekana mara mbili, kiongozi wa sauti yake ampigie simu amuulize kama ni mgonjwa. Kisha tukagawana nyumba, tukaenda wawiliwawili kuomba msamaha. Kwa mama yule wa alto tulikwenda wote wa kamati. Alitupikia chai, akatusikiliza. Alirudi baada ya Pasaka. Mtoto aliyekuwa mgongoni siku ile sasa anaimba soprano, na leo ataimba shairi la pili la wimbo wa shukrani.

Lakini hatutasema kwamba yote yalipona. Kati ya kumi na mmoja, saba walirudi. Wawili walihamia parokia nyingine na wanaimba huko, Mungu awabariki. Wawili hawajaimba popote tangu siku hiyo, na kila tunapokutana nao sokoni tunasalimiana kwa haraka. Huo ndio ufa wetu. Hatuwezi kuuziba kwa kijitabu cha yubilei, na hatutaki kuupaka rangi.

Kama ndugu hao wawili mtasoma maneno haya, jueni kwamba majina yenu bado yamo katika daftari letu la wanachama. Hatukuyafuta. Mkija mazoezini saa yoyote, hata wimbo ukiwa katika beti la mwisho, ingieni tu. Tutasogea.

Kwa wote mliotuvumilia, waumini mliotusikiliza tulipokuwa na besi wawili na mkaitikia kwa nguvu ili tusiaibike, walimu wetu, na familia zinazotungoja jioni za Jumatano, asanteni sana. Tuendelee kuimba.

Katibu, kwa niaba ya wanakwaya wote
Kalimoni